Sahani Nyeusi ya Shangazi Violeth

Shangazi Violeth alipofariki Mwanza, ndugu waligawana vyombo vyake, na Dastan akarudi Bariadi na maikrowevu. Mkewe Justina, mwalimu wa shule ya msingi, alipendezwa zaidi na kilichokuwa ndani: sahani nzito nyeusi yenye vijiguu vya mpira. Unaipasha tupu dakika tatu, halafu unapanga viazi vilivyolala juu yake. Vinalia chwaa, na chini vinakauka kama vimetoka kwenye karai la mafuta.

Jumamosi asubuhi akaipasha kwa mara ya kwanza. Dakika zilipoisha akafungua mlango, na kabla hajaweka chochote, sahani ikalia chwaa. Ililia kwa muda, kama kitu kibichi kinachogeuzwa upande. Harufu ya sato na tangawizi ikajaa jikoni. Nyumba ile haikuwa imeona samaki kwa wiki mbili.

"Mwangaluka, dada," sauti ikaamkia kwa Kisukuma nyuma yake.

Alikuwa Mzee Mayunga, baba yake Dastan, aliyeishi nao. Tangu dada yake Violeth azikwe, mzee alikuwa haongei, na chakula chake kilikuwa uji mwepesi tu.

"Baba, unamsalimia nani?"

"Violeth. Si huyo anakaanga samaki."

Akanawa mikono, akaketi, akasubiri. Justina akapanga viazi. Mzee akavila vyote.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Dastan alisema ni mafuta ya miaka mingi yamenata. Justina akaisugua sahani kwa ndimu, akailoweka usiku kucha, lakini asubuhi ikalia vilevile. Siku ya nne mzee aliacha kutafuna. Aliinua kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo.

"Anauliza kwa nini sikupokea simu," akasema.

"Simu gani, baba?" Dastan akauliza.

Mzee akaeleza. Wiki ile Violeth alipolazwa hospitalini, alimpigia mara tatu. Walikuwa na ugomvi wa siku nyingi juu ya ng'ombe wa marehemu baba yao, naye akaiacha simu ilie mpaka ikatike.

"Nilidhani anataka tugombane tena. Kumbe alikuwa ananiaga."

"Na mazishini hukwenda, ukasema miguu inauma."

"Miguu haikuwa inauma, mwanangu."

Dastan akainamisha macho. Jikoni sahani ilikuwa bado inalia, ingawa maikrowevu ilikuwa imezimwa zamani.

"Basi twende ukamjibu, baba," Justina akasema.

Jumapili wakaazima gari la jirani, wakaenda Mkula, alikozikwa Violeth. Mzee akachuchumaa kando ya kaburi, akaanza kusema Kisukuma kwa sauti ya chini. Justina na Dastan wakasogea pembeni, lakini upepo uliwaletea maneno. Mzee alisema kidogo, akanyamaza kwa muda ule ambao mtu humpa mwenzake ajibu, akasema tena. Mara moja akabisha. Mara moja akacheka. Mwisho akaitikia, "Haya, dada," akanyoosha mkono ainuliwe. Njia nzima alisinzia, na hawakumuuliza kitu.

Jumatatu Justina akapasha sahani. Alipofungua, ilikuwa kimya. Aliweka viazi, vikalia kama viazi. Mzee akaja, akamwamkia Justina peke yake, akala, akaomba chai zaidi.

Viazi vya sahani ile bado ni vitamu, na mzee ameanza kunenepa. Ila Justina hafungui tena maikrowevu ghafla. Dakika zikiisha, huigonga kwa kidole na kusema hodi, kisha husubiri kidogo. Dastan humwona akifanya hivyo, naye hajawahi kumcheka.