Kutu ya Mama Viza

Wifi yangu ni dobi, lakini mtaa mzima unamwita Mama Viza. Wageni hudhani anasaidia watu kwenda ng'ambo. Kuna mmoja alikuja na pasipoti mkononi na picha ndogo ndogo, akaelekezwa uani, akarudi mbio amebana pua. Viza yetu sisi ni ile ya yai.

Harufu ilitokana na matairi mabovu. Wifi alichoka kununua mkaa wa kuchemshia maji ya kufulia, akamwambia kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea, amtengenezee pipa lililozibwa kila upande. Ndani unaweka vipande vya tairi, chini unawasha moto. Tairi haliungui, linaiva tu na kutoa gesi, na gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni. Moto wake mkali ajabu. Ubaya wake ni salfa: ukiwasha, macho yanalia, na mashati ya watu yanatoka meupe pee yakinuka kama kuku aliyetamia akasahau. Bwana harusi mmoja alikaa peke yake kwenye karamu yake mwenyewe.

Mwenye nyumba, tunayemwita Mzee Notisi, akatoa tamko: "Jumamosi nakuja kunusa. Ikinuka, unahama."

"Njoo," wifi akamjibu. "Na mafua yako uyaache nyumbani."

Alikuwa ameshapata dawa, nayo ni kutu. Alijaza pipa dogo kutu na maranda ya mbao, akayanyunyizia maji, gesi ikawa inapita humo kabla ya kufika jikoni. Kutu inaikamata ile salfa, wanaoana humo humo, na gesi inatoka peke yake. Ijumaa tulijaribu. Mimi na pua yangu hii ya umbea sikunusa kitu.

Jumamosi nilifunga saluni yangu, wateja wakanifuata na vichwa vilivyosukwa nusu. Nani akae ndani siku kama ile? Mzee Notisi akaingia uani na kitambaa puani, nyuma yake muuza duka wa kona, aliyelalamika kuliko wote.

Wifi akafungua koki, akawasha. Mama yangu! Viza ile ile, tena ya kuku wawili.

"Si nilisema?" Mzee Notisi akafoka. "Unahama!"

"Sihami. Subiri hapo."

Akafunga koki, akaondoa moto, pipa lilipopoa akafungua lile dogo. Ndani mlikuwa na vipande vya chuma vinavyometameta kama vijiko vya sherehe.

"Mume wangu," akasema polepole, na mke akikuita hivyo mbele za watu ujue umekwisha. "Kutu yangu iko wapi?"

Kaka alijikuna shingo. Kazi yake yote ni kupigana na kutu. Hawezi kuchomelea hata bawaba bila kuisugua kwanza. "Nimeitupa. Nimeweka chuma safi, nimekipiga msasa asubuhi nzima. Wageni wanakuja, tuwaonyeshe kutu?"

"Imetupwa wapi?"

"Gari la taka limeshapita."

Watu waliangua kicheko. Wifi akapindua beseni, akapanda juu yake.

"Mnataka harufu iishe, au mnataka mimi niondoke? Maana hivyo ni vitu viwili. Anayetaka harufu iishe, akakwangue kutu kwake alete. Anayetaka niondoke, abaki hapo hapo nimwone sura."

Nani angebaki? Nilianza na mlango wa saluni. Wengine wakakwangua mabati, ndoo, chaga za vitanda. Muuza duka alikuja wa mwisho, na sahani imejaa. "Taratibu na hii," akasema. "Ni ya dirisha la marehemu baba."

Ikachanganywa, ikalowanishwa, ikafungiwa. Wifi akawasha. Mzee Notisi akashusha kitambaa, akanusa, akainama, akanusa tena hadi masharubu yakakaribia kuungua.

"Leo hainuki," akakiri. "Lakini hiyo kutu itachoka."

"Ikichoka inageuka nyeusi. Naianika ikiwa na majimaji isije ikashika moto, inarudi nyekundu. Ikifa kabisa naleta nyingine. Mtaa huu umekosa mengi, kutu haujakosa."

"Nyumba bado ni yangu. Nikisema uhame, utahama."

Wifi akakunja mikono. "Basi katafute sababu nyingine. Hii ya harufu nimekufungia."

Mzee akamgeukia muuza duka, shahidi wake. Muuza duka akatazama mikono yake, myekundu mpaka viwikoni.

"Akihama, mzee, kutu yangu nani atanirudishia?"

"Na yangu!" nikadakia.

"Na ya kitanda changu!"

Mzee Notisi alikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni. Wifi alikuwa ameshampa mgongo, anauliza nani ana nguo chafu, maana maji yanachemka.