Siku Shemeji Alipoziba Njia ya Kaburi

Asubuhi ya Mwanza huanzia juu ya mawe. Mwanga hushuka jiwe kwa jiwe, ukapita mabati ya Mabatini, ukapita vichochoro, ukafika ziwani, na ziwa lote likawaka. Ukiwa Kiseke, mtaa wa juu, unayaona maji hayo kwa macho yako mawili, mengi, ya bure, yasiyo na mwisho. Kisha unageuka, unafungua bomba, na bomba linakohoa.

"Ziwa hilo hapo, ndoo hii tupu!" Ndivyo alivyofunga kila kichekesho chake Malimi, mchekeshaji wetu, na watu wakamalizia naye kwa sauti moja. Sasa Malimi amelala kwenye jeneza, na hakuna anayemalizia chochote.

Alikuwa mtu wa koti kubwa, huyu. Akilivaa na kuweka mto tumboni, basi ni Mheshimiwa mzima mzima, yule aliyekuja kuzindua bomba la mtaa, akakata utepe, akafungua koki, ukatoka upepo. Fsss. Malimi akauvulia kofia upepo ule, akaushukuru, akawataka wananchi wautumie kwa uangalifu. Tulicheka sokoni, tulicheka mwaloni wanakoshushia samaki, kati ya magunia ya dagaa, tulicheka tukimtazama kwenye simu mpaka wauguzi wakatufukuza wodini. Tulicheka kwa sababu bomba lilikuwa la kweli, na upepo ulikuwa wa kweli, na wengine wote tulikuwa tumefunga midomo.

Polisi wakamwita kituoni. Alitoka huko amekatazwa: asimwigize tena Mheshimiwa. Koti likatundikwa ukutani, likashika vumbi, na maradhi yakamkuta Malimi akilitazama.

Siku za mwisho alimwita shemeji yake Kokugonza, mdogo wa mkewe Bernadetta. Kokugonza ni mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya aliyenyooka, na Malimi alikuwa akisema hata kikohozi chake kina cheti. Miaka yote alimtania. Miaka yote Kokugonza aliuma mdomo asicheke.

"Shemeji, mimi na wewe ni watani. Siku ya kunizika utavaa koti langu. Msibani mtani hakamatwi."

"Acha maneno hayo, shemeji. Utapona."

"Nikipona, utalifua."

Hakupona.

Siku ya mazishi Mheshimiwa alikuja, kwa gari la kweli na kitambi cha kweli, akakaa kiti cha mbele. Nestory, kaka wa marehemu, akapita kwa watani mmoja mmoja, jasho linamtoka. "Jamani, leo utani hapana. Tunawaomba." Ati hapana! Malimi azikwe bila kicheko! Watu wakakaa kimya kama wako kwenye mtihani, na Kokugonza akaviangalia viatu vyake.

Aliogopa, tuseme wazi. Mwalimu wa serikali huhamishwa kwa kalamu moja tu. Amewaona wenzake wakipelekwa visiwani, kule ambako boti huja ikijisikia. Aliogopa, na chini ya hofu kulikuwa na huzuni, na chini ya huzuni kulikuwa na kitu kinamtekenya, kinamtekenya, hakitaki kuacha. Jeneza lilipoinuliwa, aliingia ndani ya nyumba.

Alitoka na koti. Mikono ya koti imemeza vidole, kofia imemeza masikio, mto wa Bernadetta uko tumboni. Akaenda akalala chali katikati ya njia ya kaburi, mbele ya wabebaji.

Anayejua misiba yetu anajua: mtani akilala njiani, jeneza halipiti mpaka apewe anachodai, na anayemkasirikia mtani, aibu ni yake. Watu wakaanza kutia mikono mifukoni.

"Hela sitaki, ndugu wananchi!" Sauti ilikuwa ya Mheshimiwa, nzito, ya kutoka tumboni. "Nataka ndoo moja ya maji. Ya bomba hili."

Bomba lilikuwa pale kando ya njia, na kibao cha marumaru, na jina la Mheshimiwa kwenye marumaru. Mafundi wa kaburi walisimama na makoleo yao. Saruji yao ilikuwa kavu, hawakuwa na maji ya kuikorogea. Bernadetta mwenyewe, mjane, akanyanyuka taratibu, akaenda, akafungua koki.

Fsss.

Kokugonza, chali vilevile, akavua kofia. "Karibu sana, upepo. Umetutoa mbali."

Mbebaji wa kwanza alicheka, jeneza likatikisika. Wa pili akacheka, wakalitua chini ili wacheke vizuri. Wakacheka wapishi, wakacheka wanakwaya, akacheka Nestory na jasho lake, akacheka Bernadetta mpaka akashikwa mkono asianguke. Ziwa hilo hapo, ndoo hii tupu! Mlima mzima ulisema, ukarudia, ukasema tena, na macho yakamgeukia Mheshimiwa.

Angefanya nini? Amkamate mtani, mbele ya jeneza? Akatoa simu, akaongea kwa ukali, na baada ya muda gari la maji likaupanda mlima likinguruma. Kina mama waliutoroka msiba wakakimbilia ndoo, madumu, masufuria ya pilau. Maji yakamwagika, vigelegele vikapigwa, saruji ikakorogwa. Kokugonza akapewa ndoo yake, akaondoka njiani, na Malimi akapita, akazikwa na watu waliolowa mpaka magotini.

Jumatatu mwalimu Kokugonza aliingia darasani. Nguo imepigwa pasi, uso umenyooka. Darasa likasimama lote.

"Shikamoo, Mheshimiwa!"

Alijua anapaswa kukasirika. Mlango ulikuwa wazi, na ofisi ya mwalimu mkuu iko pua na mdomo na darasa lake. Akautazama mlango. Akaweka chaki mezani, akatunisha tumbo, akateremsha sauti mpaka chini kabisa.

"Marahaba, ndugu wananchi."

Madawati yakaruka kwa kicheko, na yeye, hatimaye, akacheka nao, kwa meno yote, kwa machozi, kwa kile kicheko alichomnyima shemeji yake miaka yote. Kama watamhamisha, wamhamishe. Huko nako kuna mabomba.