Tanga la Kumficha Mkwe

Mume wangu Asukile anaogopa maji. Nalisema mapema ili msije mkacheka katikati ya habari. Mtu mzima, karani wa ghala la kahawa pale Mbeya, huoga kwa kikombe kidogo kidogo kama anayemwagilia mchicha. Na mtu huyohuyo alizunguka miaka miwili akiulizia mashua ya tanga kwa kila dereva wa lori aliyepita mjini. Mashua yenyewe niliitaka mimi.

Kwetu ni ng'ambo ya Mwaya, chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima unashuka mpaka ndani ya Ziwa Nyasa bila kuacha nafasi ya barabara. Huko mama yangu anafinyanga vyungu. Mwaka 1952 mtumbwi mmoja ulizama na watu saba, na Asukile akaapa mbele ya mlango wa kanisa kwamba mkewe havuki ziwa na mtu yeyote isipokuwa baba yake yeye Asukile, kwa kuwa Mwaya nzima hapakuwa na mpiga kasia wa kumfikia. Kiapo kilikuwa kizuri. Kasoro yake ni kwamba baba yake ndiye mtu pekee duniani ambaye mimi sikuruhusiwa kuvuka naye.

Sisi Wanyakyusa, mkamwana hamwoni baba mkwe. Akisikia anakuja njiani, huingia migombani na kugeuza uso mpaka apite. Hasemi naye, na jina lake halitaji. Hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa na kutafuta lingine. Mchungaji alishahubiri kwamba si dhambi kuiacha desturi hiyo, lakini mchungaji haishi na mama mkwe wangu. Miaka sita ya ndoa nilimjua mzee kwa kikohozi chake na harufu ya tumbaku yake tu. Nilimheshimu sana, na siku nyingine nilichoka kumheshimu.

Kisha ikaja barua, imeandikwa na mwalimu wa kule kijijini. Mama alisema macho yanamwisha, sasa anafinyanga kwa kupapasa. "Njoo nikuone kabla sijashindwa," alisema. Niliisoma barua ile mbele ya cherehani yangu, na machozi yakadondokea pazia la watu nililokuwa nashona. Nikalitazama lile pazia. Nikaona ziwa, nikaona mashua, na tanga limening'inia katikati yake, mzee upande huu na mimi upande ule, upepo ukitupeleka kwa mama wala hakuna aliyemwona mwenzake. Usiku ule sikulala kwa furaha. Wengine hununua mashua kwa ajili ya samaki. Mimi nilitaka pazia linaloelea.

Agosti ya 1954 dereva mmoja, Yotamu, akatuletea habari. Huko Mufindi, kwenye mashamba ya chai ya Iringa, mzungu mmoja alikuwa amerudi kwao na kumwachia mlinzi wa bwawa mashua ndogo ya tanga aliyokuwa akichezea Jumapili. Mlinzi alitaka kuiuza. Asukile akampelekea baba yake ujumbe Mwaya, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kutofautisha mashua na hori la kunyweshea ng'ombe. Mzee akague mbao, mimi fundi cherehani nikague tanga. Lori la Yotamu lingetupeleka sote.

Safari ile ningependa muione. Mzee alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma, juu ya magunia ya mchele tuliyopakia Chimala, nimejifunika blanketi mpaka puani. Kila gari liliposimama, Asukile alishuka kwanza na kusimama kati yetu, mikono ameinyoosha kama askari wa barabarani, akiamua nani ajisaidie kushoto na nani kulia. Makambako akakosea. Nikaona kisigino cha kiatu cha mzee kikipotea nyuma ya gurudumu, nikaruka shimoni nikachubuka goti. Nilimkasirikia mume wangu mpaka Sao Hill.

Tulifika bwawani asubuhi ya siku ya pili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na juu ya chai, mtu hakujua wapi bwawa linaisha na wapi shamba linaanza. Miti ilitokea na kupotea. Sauti zilikuja bila watu. Mlinzi, mzee wa Kihehe aitwaye Kalinga, alitusalimu kutoka ndani ya ukungu, "Kamwene!" na muda ukapita kabla ya koti lake kubwa la jeshi kumfuata.

Mashua ilikuwa imefudikizwa juu ya magogo mawili, tumbo juu, imepakwa rangi ya bluu. Ilikuwa nzuri. Nikaipenda kabla sijaigusa, kosa ambalo siwezi kumsamehe mteja wangu yeyote anapochagua kitambaa.

"Mimi mwenyewe napaka rangi," Kalinga alisema. "Mara tatu napaka. Iko mzima kabisa hii. Tanga iko ndani, chini."

Mpango ulikuwa hivi: Kalinga na mzee waende kwanza kutazama mlingoti na usukani vilivyohifadhiwa kibandani, upande wa pili wa bwawa, mimi nikague tanga, kisha nipotelee kwenye chai, mzee aje akague mbao. Asukile ndiye angenionya. Nikavua viatu vyangu vya raba nisichafue kitambaa, nikaviacha nje, nikatambaa chini ya mashua.

Ndani mlikuwa na dunia nyingine. Giza lilikuwa laini, lenye harufu ya lami na majani makavu. Nikalipapasa tanga mshono kwa mshono. Lilikuwa zima, lilihitaji viraka viwili tu. Nikajilaza juu yake kidogo, nipumzishe goti. Nikafumba macho, na magogo yakaanza kuyumba taratibu, nikasikia maji yakilamba ubavuni, nikamsikia mama akiimba kama alipokuwa akichoma vyungu. Sijui nilikaa muda gani.

Nilipofumbua macho niliona nyota. Zilikuwa ndogo, za bluu, zimejipanga juu yangu, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Nikatabasamu, kwani bado nilikuwa kwenye ndoto. Nikanyoosha kidole kuigusa moja. Ubao ukabonyea kama muhogo uliopikwa, kidole kikazama mpaka kikagusa kitu chembamba, na kitu hicho kilikuwa rangi ya Kalinga. Nyuma yake palikuwa na mchana. Kabla haijafudikizwa, maji ya mvua yalikuwa yamelala humo miaka, yakala mbao kutoka ndani, na yeye kwa mapenzi yake akazipaka nje mara tatu. Sidhani alijua.

Kabla sijatoka, nikasikia kikohozi. Kikohozi kile. Mzee alikuwa amerudi, yuko hatua mbili kutoka nilipolala. Mume wangu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa kwa Kalinga akinywa chai na viazi, amesahau kabisa kwamba ana mke.

Nikajikunja ndani ya tanga. Nje, mzee alianza kugonga mbao kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kutoka omo, kule mbele, kuja tezi, huku nyuma. Alikuwa anaongea peke yake, taratibu. "Hapa pazuri. Hapa pazuri." Kidole chake kilipita juu ya goti langu, juu ya tumbo langu, juu ya uso wangu. Ubao tu ulikuwa kati yetu. Hatujawahi kuwa karibu hivyo.

Akafika penye nyota. Akagonga. Rangi ilikuwa nene, na masikio yake yalikuwa ya mzee. "Hapa pazuri," akasema.

Nitasema ukweli, hata kama unanitia aibu. Nilitaka kunyamaza. Nikinyamaza, mashua ni yangu. Nitamwona mama kabla hajapofuka. Niliihesabu safari kwa pumzi: wiki moja hadi Mwaya, siku moja majini. Halafu nikawaona katikati ya ziwa, mzee na mume wangu anayeoga kwa kikombe, na maji yakiingia kupitia zile nyota za bluu, kidogo kidogo. Na mimi upande wa pili wa pazia.

Kusema nisingeweza. Mkamwana hasemi. Nikakunja ngumi nikagonga ubao mzima uliokuwa kando ya ule mbovu: ko, ko, ko.

Kidole cha mzee kikasimama. Kalinga, aliyekuwa anakuja na Asukile, akacheka. "Panya hao, mzee. Wengi hapa."

"Panya wa Wahehe," mzee akasema polepole kwa Kiswahili chake cha ziwani, "huvaa viatu vya raba?"

Nikasikia Asukile akivuta pumzi. Nilitaka ardhi inimeze. Sasa ataondoka, niliwaza, atakasirika, itabidi kuku wa kuomba radhi achinjwe, wazee waitwe, mama mkwe wangu apate la kusema mwaka mzima. Lakini mzee hakuondoka. Alisogea, akaweka kiganja chake juu ya mbao, nami nikakiona kivuli chake kikizima nyota tatu.

"Mimi nasema na mashua," alisema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike na wote. "Wewe mashua, sikiliza. Nikigonga penye afya, nyamaza. Nikigonga penye ugonjwa, nijibu."

Akaanza tena, kutoka omo. Mimi nikawa nafuata kwa ndani, mgongo chini, nikipapasa kila ubao kabla kidole chake hakijafika. Alipogonga pazuri nilinyamaza. Alipogonga pabaya nilijibu. Tulikwenda hivyo taratibu, yeye na mimi, mpaka tezi, na kurudi upande wa pili. Sijawahi kuzungumza na mtu kwa uangalifu kama ule. Nilijibu mara kumi na moja, na kila jibu lilinipeleka mbali na mama.

Mwishoni alimwomba Asukile kisu, akakichoma pale penye jibu la kwanza. Kilizama hadi mpini. Kalinga akapiga yowe kama aliyechomwa yeye. "Jamani! Na rangi yote ile!"

"Hatununui," mzee akasema. "Pole, ndugu yangu. Umepaka vizuri."

Hapo nikalia. Nilijaribu kuziba mdomo kwa tanga, lakini kilio cha miaka miwili hakizibiki. Nje mzee akauliza, "Asukile. Mashua hii inalia nini?"

Mume wangu, Mungu ambariki, hakutafuta maneno. Akasema yote: barua ya mwalimu, macho ya mama, kiapo cha kanisani, na tanga ambalo lingekuwa pazia. Mzee hakuwa ameambiwa hata moja. Alidhani mwanawe anataka mashua ya kuvulia samaki. Kwa kumheshimu tulikuwa tumemnyima habari miaka miwili.

Alikohoa muda mrefu. "Mnazunguka mpaka Uheheni kutafuta pazia," akasema, "na mtumbwi wangu uko Mwaya umefungwa kwenye kisiki? Katika mtumbwi watu wote hutazama mbele. Yeye atakaa omo, atazame kwao. Mimi nitakaa nyuma na kasia. Asigeuke tu."

"Na mimi, baba?" Asukile akauliza.

"Wewe una mgongo mpana. Kaa katikati, uwe pazia."

Tulivuka Septemba, alfajiri, ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Omo yote ilikuwa yangu. Nyuma yangu Asukile alikuwa akisali Baba Yetu bila kituo, akifika amina anaanza upya, na nyuma yake kasia lilikuwa likiingia na kutoka, likiingia na kutoka, wala halikuharakisha hata mara moja. Milima ilitoka kwenye ukungu mmoja mmoja. Sikugeuka. Shingo iliniuma kwa kutogeuka.

Mama alikuwa ufukweni, ameshika mkono wa mtoto wa jirani. Niliruka majini, akanipapasa paji, pua, mashavu, kama anayetafuta ufa kwenye chungu kibichi. "Nakuona," alisema. "Kidogo, lakini nakuona." Halafu akainua uso kuelekea mtumbwini. "Na aliyekuleta?"

"Baba mkwe," nikasema. "Yuko nyuma yangu."

"Ndaga, baba!" mama akashukuru kwa sauti juu ya bega langu, na kikohozi kikamjibu kutoka majini. Akaniinamia sikioni. "Macho yangu hayafiki kule, mwanangu. Niambie, ana sura gani?"

Nilikuwa nimeelekea mlimani, na mzee alikuwa hatua kumi nyuma yangu, mtu aliyepiga kasia tangu alfajiri ili mimi nionwe na mama yangu.

"Sijui, mama," nikasema.