Uti wa Mgongo wa Pantaleo

Mwaka 1951, kuta za shimo la dhahabu huko Geita zilimwangukia Pantaleo. Wenzake walipomfukua walitaka kumbeba mgongoni, lakini mkewe, Generosa, akawazuia. Kaka yake Generosa aliwahi kubebwa hivyo alipoanguka mtini, na hakutembea tena. Wakamlaza juu ya mlango wa kibanda, wakampeleka zahanati.

Mganga alipapasa pingili za mgongo wake moja moja. "Mifupa hii inalinda mshipa unaoendesha miguu," alimwambia Generosa. "Ukikatika, hauungi. Pantaleo, chezesha vidole vya miguu."

Vidole havikusogea. Generosa akainama karibu naye.

"Baba Klara," akamwambia mumewe taratibu, "jaribu tena."

Kidole gumba kikajikunja kidogo. Generosa akaketi sakafuni.