Soli Nene

Fundi cherehani hakuwa mjinga. Mume wake, ambaye kumpeleka mtoto kliniki tu humtoa jasho, tangu lini akawa na haraka ya kumpeleka bustani ya michezo?

"Ana miaka miwili, baba. Hatakumbuka kitu. Tungoje afikishe mitano."

"Mitano? Tutakuwa tumechelewa!" mume akajibu, macho pembeni.

Kuchelewa nini? Hapo machale yakamcheza. Jioni akamkuta anampima mtoto urefu kwa tepu yake ya kushonea, na kesho yake akaja na viatu vya mtoto vyenye soli nene kama tofali. Huyu ana mtu wake huko, fundi akajisemea, na mwanangu ndiye kisingizio.

Jumamosi akafunga kibanda chake cha kushonea, akaenda nao, macho kodo. Mume hakumtazama mwanamke yeyote. Alinyoosha hadi kwenye treni ndogo ya rangi, akamsimamisha mtoto kwenye mstari wa kipimo cha urefu. Kichwa kikagusa, kwa msaada wa soli.

Juu ya geti palikuwa na kibao: *Mtu mzima haruhusiwi kupanda bila mtoto.*

"Mama, nishikie mkoba," mume akasema. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mtoto, aliyechoshwa na foleni, amelala fofofo mapajani.