Mkwe Chini ya Gari

Mkwe wangu Sila ana upole unaokera. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe anajua, binti yangu Erica anajua, na mume wangu Gerson alishachoka kunisikia. Ukimpa chai ataikoroga mpaka usahau kama uliweka sukari. Ukimuuliza kupitia kwa mtu kama amekula, jibu linakuja vyombo vimeshaoshwa. Mimi nauza vitenge sokoni Majengo, kazi inayotaka mdomo mwepesi na mkono mwepesi, na watu wa namna hiyo hunipandisha presha.

Nimesema kupitia kwa mtu. Kwetu Wagogo, mama mkwe na mkwe wa kiume hukwepana kwa heshima. Hatukai meza moja, hatupeani mikono, hatutazamani usoni. Wengi wa mjini wameshaacha. Siku hizi unaona mama na mkwe wake wamepiga picha wamekumbatiana, meno yote nje. Sila hajaacha, na mimi sijaacha. Akija kwangu Miyuji husimama karibu na geti, anainamisha kichwa, anasema "Shikamoo mama" kwa sauti ya mtu aliyechelewa ibada, nami naitikia marahaba nikiwa nimeugeukia ukuta. Mengine yote hupitia kwa Gerson.

Jumamosi hiyo Gerson alikuwa Hombolo kwenye zabibu zake, na Sila alikuwa uani kwangu, chini ya gari.

Gari lilikuja kwangu kwa ajili ya sakafu. Wao wamepanga Makole, uani kwao ni mchanga mtupu, na jeki haisimami mchangani. Mbele ya nyumba yangu tumemwaga zege. Gerson akampa ruhusa bila kuniuliza, kisha akakimbilia shamba. Kabla ya kuondoka alinieleza kinachobadilishwa: kila tairi la mbele limeshikwa na mkono wa chuma unaoliunganisha na mwili wa gari, mafundi wanauita wishboni, na kwenye viungo vyake kuna bushi za mpira. Mpira ukichakaa, gari linagonga na usukani unayumba. La Sila lilikuwa linagonga hata likikanyaga ganda la muwa.

Nisingejali mikono ya gari, kama si Erica. Anafundisha sekondari Kondoa, na tumboni alikuwa na mapacha, mmoja amelala vibaya. Daktari aliamuru ajifungulie hospitali kubwa huku Dodoma, na njiani asitikiswe. Kupanda basi alikatazwa kabisa. Mume wake angemfuata Jumatatu. Mimi nilisema likodiwe gari zuri na dereva wake. Sila akamjibu Gerson kwamba dereva wa kukodi siku zote anawahi abiria mwingine, na kwamba yeye anataka kumbeba Erica kwenye gari ambalo kila nati yake anaijua. Nilicheka kwa hasira. Nati zipi, mtu anayepanga chupa kwenye maabara ya shule?

Kumbe nati alikuwa anazijua. Miezi michache nyuma fundi mmoja wa kando ya barabara alimwekea bushi mpya, zikachanika upesi kama za karatasi. Mimi ningeenda pale nikasimamisha biashara yake yote. Sila hakugomba. Alichukua bushi iliyochanika, akawa anatembea nayo mfukoni, akatazama video kwenye simu, akaenda kukaa gereji kwa binamu yake Mudrick kila akitoka kazini, mpaka akajua kosa liko wapi. Safari hii akanunua mikono mizima mipya, akaazima vifaa vya Mudrick, akaja kwangu.

Basi nikakaa kwenye dirisha la jikoni, nachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Aliweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Akapiga jeki, akaliegesha gari kwenye stendi za chuma. Nikadhani sasa ataingia. Hakuingia. Alilisukuma gari kwa bega, kwa nguvu zake zote, huku na huku, kuona kama litaanguka kabla hajaweka kichwa chake chini. Halafu akayachukua matairi aliyoyafungua, akayalaza chini ya ubavu wa gari, ili hata stendi zikimsaliti chuma kisimfikie. Nilijikuta natikisa kichwa kukubali, nikakasirika kwa kukubali.

Bolti moja ilikataa. Alikuwa ameimwagia mafuta tangu Ijumaa jioni, na bado ilikataa. Aliigonga kidogo, akamwaga mafuta tena, akakaa chini kuisubiri. Akasubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikavumilia, nikashindwa. Kulikuwa na kuku mlangoni.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, "mwambie mtu wa huko nje aipige nyundo ya maana, jua linakwenda!"

Sauti ikatoka chini ya gari, ikiwa na adabu zote.

"Kuku, mwambie mama nikiipiga sana itakatikia ndani. Ikikatikia ndani, Jumatatu hatuendi Kondoa."

Nikarudi kwenye mchele wangu. Baadaye kidogo alichomeka bomba kwenye mpini wa spana, akavuta polepole, na ile bolti ikalia kama mlango wa ghala, ikaachia. Nikapiga makofi mara moja, nikajifanya naua mbu.

Mkono wa zamani alioutoa, niliuona mpira wake toka dirishani. Ulikuwa umeachana kabisa na chuma, kidole kingepita. Na juu ya kitu hicho ndipo binti yangu alikuwa akisafiri siku zote hizi. Alilaza mpya na wa zamani sambamba juu ya gunia, akalinganisha tundu kwa tundu, akazipiga brashi bolti zote na dizeli mpaka zikang'aa. Nimeshona na mafundi cherehani maisha yangu yote, na namtambua mtu anayeiheshimu kazi. Huyu alikuwa anaiheshimu hata pale asipoangaliwa, maana mimi rasmi sikuwa namwangalia.

Alikuwa ameshaingiza mikono yote miwili ya chuma simu yangu ilipolia. Erica.

"Mama, Sila hapokei."

"Mikono yake imejaa grisi. Kuna nini?"

"Nesi amenipima. Amesema safari isingoje Jumatatu, nije leo, wakati bado nimetulia. Tumbo linakaza, linaachia. Mama, usimtishe Sila."

Nilitoka nje. Sikumtafuta kuku. Nikasimama nimeligeuzia gari mgongo, nikasema, "Erica amepiga. Ni leo. Siyo Jumatatu, leo. Tumbo limeanza kukaza."

Mkono wake ukatoka chini ya gari kuchukua kitambaa, na niliuona kwa pembe ya jicho. Aliufuta taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo mama," akasema.

Na akaendelea kwa mwendo uleule! Akazisokota bolti kwa vidole tu, akaziacha zimelegea, akatoka, akaanza kurudishia matairi. Damu ilinipanda.

"Kaza kabisa uondoke!" nikauambia ukuta. "Mbona unaacha vitu vinacheza?"

"Samahani mama." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nikikaza sasa, tairi linaning'inia, na mpira utashikwa ukiwa umekaa hivyo. Gari likishuka chini, mpira unajipinda na kubaki umejipinda, mpaka uchanike. Ndivyo alivyofanya yule fundi. Gari lisimame kwanza kwa miguu yake, ndiyo nikaze."

Nilielewa. Ni kama kumpima mteja gauni akiwa amebana pumzi: kioo kinamsifu, akifika nyumbani akapumua, mshono unaachia. Mkewe anaumwa tumbo Kondoa, mama mkwe anamfokea mgongoni, na bado hakuruka hatua ambayo hakuna mtu angeiona. Mimi ningeiruka. Ningekaza vyovyote, nikaondoka na vumbi. Pale pale, nikiwa nimeutazama ukuta wangu, nilimheshimu kijana yule kuliko mchungaji wangu.

Akapanga mbao nene chini ya kila tairi la mbele, akalishusha gari juu yake, likakaa kwa uzito wake wote na nafasi ya kupita chini ikabaki. Akazikaza bolti za mbele. Bolti ya nyuma ikamgomea. Nati yake iko juu, kichwa chake kiko chini, na juu inataka spana ya kuizuia isizunguke. Wakati wa kufungua ile spana ilijiegemeza kwenye chuma. Kukaza ni kinyume, inakimbilia upande usio na kitu. Nilimsikia akijaribu, spana inadondoka. Anajaribu tena, inadondoka.

"Jirani yupo?" akauliza taratibu.

"Wote wako msibani."

Akajaribu tena. Ikadondoka. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Erica: "Ameshatoka?"

"Nishike wapi?" nikasema.

"Mama, siwezi kukuomba hivyo."

"Hujaniomba. Nishike wapi?"

Boneti ilikuwa wazi, na katikati yetu kulikuwa na injini nzima. Nikasema moyoni mababu watavumilia. Nilijifunga kanga kichwani, nikainama, nikaingiza mkono mpaka begani kwenye joto na mafuta. Vidole vyake vilikuwa vimeishikilia spana mahali pake. Nilipoishika, vikaondoka.

"Ni nzito, mama. Usiiachie."

"Nimebeba marobota toka hujazaliwa. Vuta."

Akavuta. Na ninawaambia, miaka yote hiyo sikuwa nimemjua mkwe wangu. Nilimjua siku ile kupitia spana. Nguvu yake ilikuja kwenye kiganja changu taratibu, haikushtuka, haikurukaruka, ikaongezeka na kuongezeka mpaka meno yangu yakakaza. Alikuwa na nguvu nyingi kuliko nilivyodhani, na zote alikuwa amezitia lijamu. Kifaa cha Mudrick cha kupimia mkazo wa bolti kikalia tak, naye akaacha hapo hapo.

"Asante mama."

"Upande wa pili," nikasema.

Tulipomaliza aliliteremsha gari toka kwenye mbao, akaenda kunawa bombani. Mimi nikaingia ndani, nikatoka na mito miwili, shuka na vitenge, nikafungua mlango wa nyuma wa gari, nikakaa. Sila aliporudi alisimama, hajui atazame wapi.

"Wewe utaendesha," nikaliambia dirisha. "Nani atamshika Erica?"

Alifikiri, kwa ule mwendo wake. Kisha akapanda, akakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, tusionane. Adabu ile ilinichoma. Tukapita kwanza kwa wapima matairi, kwa sababu ukibadilisha mikono lazima magurudumu yanyooshwe upya, na yeye si mtu wa kuruka hilo pia. Mimi safari hii sikusema neno. Kisha tukashika barabara ya Kondoa.

Erica alikuwa amekaa kibarazani na mfuko wake miguuni, uso umemvimba. Aliponiona nikishuka kwenye gari la mume wake alisahau maumivu, akabaki mdomo wazi. "Mama! Mmekuja wawili?" Nikamwambia apande, atashangaa baadaye. Nikamlaza, kichwa chake mapajani pangu, mito huku na huku, mkono wangu juu ya tumbo lake. Tumbo lilikaza, likaachia.

Nilichokiogopa kilikuwa kabla ya kijiji cha Haneti, tukirudi Dodoma. Kuna mahali magari yalikuwa yanashushwa pembeni, lami inafanyiwa kazi, na ule mchepuko ni mawe na makorongo tu. Wakati wa kwenda sikuuhesabu, kwa sababu mwili uliotikiswa ulikuwa wangu. Sasa jua linazama, malori mbele yetu yanaingia yakirukaruka, nami nikaushika mlango, nikamshika na mwanangu, nikasubiri lile pigo.

Gari likashuka. Likainama, likainuka, likainama. Nilikuwa nasikia mawe yakisagika chini ya matairi, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Hakuna kilichogonga. Nyuma yetu lori likapiga honi, likapiga tena, na Sila hakuongeza mwendo hata chembe. Mabega yake yalikuwa yamekakamaa, jasho linamshuka shingoni, na nilijua anasikiliza nyuma, anasubiri mkewe alie.

Nilitazama chini. Mdomo wa Erica ulikuwa umefunguka kidogo, kama alivyokuwa akilala utotoni, na pumzi yake ilikuwa ndefu. Machozi yalinitoka; sikuyazuia.

Nikainama mbele, nikaweka mkono wangu kwenye bega la mkwe wangu.

"Sila, mwanangu," nikamwambia. "Amelala."

Sila akapunguza mwendo zaidi.