Besi ya Nyuzi Tatu na Kiti cha Chande

Usiku wa kuamkia leo niliota nafunga nyuzi za gitaa langu la besi. Nimekwishafunga tatu. Uzi wa nne, ule mnene, nauingiza kwenye tundu lake, nao unatoka. Nauingiza tena. Unatoka.

"Kaka, huo uache," besi ikasema. "Miaka yote hujaugusa."

Ni kweli. Nilijifunza peke yangu, kwa besi iliyokatika uzi huo, na vidole vyangu havikupata kuuzoea. Nikaieleza kwamba Jumamosi nahitajika kwenye bendi ya hotelini, na kiongozi wao, Fidelis, anataka mtu wa nyuzi tano.

"Basi kanibadilishe," ikasema, bila kinyongo.

Nikageuka kuchukua mfuko wake, chumba kikawa zahanati. Besi nyingine zimeketi kwenye benchi, kila moja imeshika cheti chake. Nyuma ya meza ameketi spika mzee wa muziki, kitambaa chake cha kifuani kimechanika.

"Hapa besi haichaguliwi kwa rangi," akasema. "Mtu anapewa kwa jinsi anavyopiga. Piga."

Napiga. Noti mbili, nanyamaza kidogo, noti moja.

"Hapo katikati umeacha nini?"

"Hapo ni pa Chande."

"Chande ndiye nani?"

"Mpiga drams wangu. Tumepiga pamoja miaka kumi na tisa. Mwaka jana magoti yalimshinda, akahamia Mpanda kwa binti yake."

"Na bendi?"

"Ilivunjika. Napiga nyumbani."

"Na pake bado unapaacha."

"Sijui kupaziba."

Spika akaandika kwenye cheti: Mtindo, kusubiri.

Besi ya nyuzi tano ikasimama, mama mnene wa makamo, kajifunga kanga kiunoni. "Mwanangu, hotelini nitakufaa. Kule ngoma inapigwa na mashine, haimsubiri mtu. Ila mimi nikiona mwanya naujaza. Nikishaujaza, huyo Chande hata akirudi hana pa kukaa."

"Kwani atarudi lini?" ikauliza besi moja nyembamba, nyeusi.

"Hajasema."

"Simu anapiga?"

"Siku ya Idi."

"Pole yako," ikasema, ikageukia ukutani.

"Piga tena," spika akasema, "tuupime huo mwanya."

Napiga. Safari hii mwanya unabaki wazi, upana wa mlango. Ndani yake ni jukwaa la ukumbi wetu wa zamani, viti vimepandishwa juu ya meza. Chande yuko nyuma ya drams, anazungusha kiti chake kukishusha. Ni mfupi. Kila onyesho alianza hivyo, mizunguko mitatu, huku akilalamika.

"We Twiga," akaniita kwa utani wa urefu wangu, "nani kapandisha tena kiti changu?"

"Mimi. Nakikalia nikifunga nyuzi."

"Kiti cha mtu ukishakikalia, unakirudisha kilivyokuwa."

"Nikirudishe kwa ajili ya nani?"

Akagonga fimbo zake mara mbili, akanitazama, akingoja noti yangu.

Spika akanisogezea karatasi mbili. "Ukimchukua mama, mlango unafungwa, na Jumamosi una kazi. Ukichukua ile yako, unabaki wazi. Lakini siwezi kukuahidi kwamba atapita mtu."

"Nitachukua yangu," nikasema.

Mama wa nyuzi tano akanipa mkono, akaketi. "Nilijua tu," akamwambia jirani yake. "Anavyoonekana, hata chai huwa anamimina vikombe viwili."

Niliamka kumekucha. Besi iko mezani na nyuzi zake tatu, kama nilivyoiacha jana jioni. Nikamwandikia Fidelis ujumbe kwamba atafute mtu mwingine, kisha nikakaa kitini nimalizie kazi.

Magoti yakanijia kifuani.

Kiti hicho aliniachia Chande alipohama. Jana nilikipandisha mwenyewe hadi urefu wangu, na humu ndani naishi peke yangu. Nikainama nikatazama skrubu yake. Imeshuka mizunguko mitatu.

Sikukipandisha. Nilikikalia hivyo hivyo, nikapiga noti mbili, nikanyamaza.

Uzi wa nne bado uko kwenye pakiti. Nitaufunga kesho, nikishaazima kiti kingine kwa jirani.